Nyundo Siku ya Jumapili

Kola ilikuwa tayari. Bi Mnong'ono aliinua pasi, akapuliza majivu kwenye matundu ya ubavuni, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole mgongoni mwa shati jeupe. Kila Jumapili alianza na kola, akafuata mabega, kisha mikono, na mgongo akauacha mwisho, kwa sababu mgongo ndio unaokunjika upesi, na ndio watu wa benchi la nyuma wanaouona wakati wa sala, wale wasiofumba macho. Wiki nzima alinyoosha nguo za watu: mashuka ya nyumba ya wageni, sare za walinzi, magauni ya wanawake wasioridhika. Shati hili tu ndilo alilolipiga pasi bila haraka.

Ndipo akasikia nyundo.

Ngo. Ngo-ngo. Ngo.

Pasi ilisimama hewani. Kwanza alidhani ni mtu wa nyumba ya pili, lakini hakuna mwingine mtaani mwenye mkono ule, pigo moja zito na mawili mepesi yanayolifuata kama watoto wanaomfuata mama yao sokoni. Aliijua nyundo ya mumewe kama anavyokijua kikohozi chake. Lakini Jumapili? Tangu waoane, siku ya Jumapili nyundo ile hulala ndani ya ndoo, imefunikwa gunia.

Alitoka uani na shati mkononi. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, suruali ya kazi mwilini, kipande cha reli katikati ya miguu, akikunja ukingo wa kifuniko cha sanduku la bati.

"Baba," alisema mkewe. "Kengele ya kwanza imeshalia."

Ngo.

"Baba watoto."

Ngo-ngo. Alisogea mpaka kivuli chake kikaangukia bati. Hapo ndipo Fundi alipoinua uso, akaliona shati.

"Usilipige pasi hilo," alisema. "Siendi."

"Unaumwa?"

"Siendi," alirudia, akaliinamia bati lake.

Bi Mnong'ono alibaki amesimama mpaka pua yake ilipomwambia kwamba ndani kuna kitu kinaungua. Alikimbia. Pasi aliyokuwa ameilaza juu ya blanketi la kunyooshea ilikuwa imeacha alama ya kahawia, yenye ncha mbele na upana nyuma, kama unyayo wa mtu aliyepita akaenda zake.

Jina lake halisi walilijua watu wachache. Mtaani walimwita Bi Mnong'ono, kwa kuwa ukitaka kuisikia sauti yake ilikubidi kwanza uache kutafuna. Muuza mkaa alizoea kumtania kwamba siku akiibiwa atamwomba mwizi ampigie kelele. Yeye alicheka na kuziba mdomo kwa kiganja, hata kicheko kisije kikatoka na sauti.

Siku ile alitaka kumwuliza mumewe mambo mengi. Lakini mtu mwenye sauti kama ile hujifunza mapema kupanga maneno yake kwenye foleni, na mara nyingi foleni huvunjika kabla dirisha halijafunguliwa.

Kitinda mimba wao, binti wa chuo aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alitoka chumbani akipiga miayo, simu mkononi.

"Mama, mwache baba apumzike. Siku hizi si lazima mtu aende. Ibada yote iko humu." Aliitikisa simu. "Mchungaji mwenyewe anatusalimia, 'Wapendwa mlio nasi mtandaoni.' Mimi nasali kitandani, na Mungu hajawahi kunilalamikia."

"Kitandani unasali au unalala?"

"Vyote, mama. Ndiyo raha yake."

Fundi alikuja kueleza baadaye, wakati wa chakula, bila kuulizwa. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Miezi hii alikuwa akizungumza hivyo, na mkewe alishahesabu kuwa ni hasira, ila hakujua ya nini.

"Kanisa la siku hizi ni maspika tu!" alisema. "Zamani mchungaji alizungumza na mtu. Sasa anazungumza na simu iliyosimama kwa miguu mitatu. Mtu akae pale afanye nini? Mungu kama ananiona, basi ananiona hapa hapa kwenye mabati. Masanduku ya watoto wa shule hayajiungi yenyewe."

"Umesema kweli, baba," alidakia binti.

Fundi aliendelea kula.

*

Walikuwa na benchi lao, la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha. Halikuandikwa jina, lakini hata wageni walikuwa wakilikwepa bila kujua kwa nini. Bi Mnong'ono aliketi peke yake, akaiweka pochi yake mahali pa mumewe, kisha akaiondoa. Pochi ilifanya nafasi ionekane kubwa zaidi.

Kanisa lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayebadili meno. Nyuma kulipangwa viti vipya vya plastiki, vyekundu, vingi havina mtu. Katikati ya njia ilisimama ile simu ya miguu mitatu, na mchungaji, kila alipofika kwenye neno zito, aliigeukia. Akatabasamu nayo. Akaiuliza kama iko pamoja naye.

Mahubiri yalipoanza, mkono wa kushoto wa Bi Mnong'ono ulishuka wenyewe kutoka mapajani, ukaenda kulala juu ya ubao wa benchi, kiganja chini. Ukangoja.

Ilikuwa hivi. Jumapili ya kwanza walipoketi pale, maharusi wapya, mahubiri yakiwa yamenoga, vidole vya Fundi vilianza kugonga benchi. Havikukusudia. Ni vidole vya kazi, havijui kupumzika, na vilikuwa vinadonoa ule ubao taratibu kama kuku. Mzee mmoja wa mbele akageuka. Bibi harusi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akaingiza mkono wake chini ya vile vidole ili visitoe sauti. Vidole havikushtuka. Viliendelea kugonga juu ya mkono wake, moja zito, mawili mepesi, mpaka mchungaji aliposema amina.

Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Nyumbani Fundi hakuwa mtu wa kushikana mikono. Nyumbani kulikuwa na masizi, makovu ya bati, uchovu, watoto, na migongo miwili iliyolala inatazamana. Lakini kila Jumapili mahubiri yalipoanza mkono wa mkewe ulikwenda mahali pake, na vidole vikaja. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaondoka. Vidole vikaja. Mwaka ambao Bi Mnong'ono alifiwa na mama yake hakusikia neno hata moja kutoka mimbarini, ila aliijua kila Jumapili ya mwaka ule kwa ngozi ya mkono wake.

Sasa mkono ulikuwa juu ya ubao mtupu, na yeye alikuwa anaifikiria Jumapili iliyopita.

Jumapili iliyopita mchungaji alisema, "Wapendwa, muda umetutupa mkono, tuuruke ubeti wa tatu tuimbe wa mwisho." Kanisa zima likaruka. Fundi hakuruka. Alisimama macho yamefumba, kidevu juu, akauimba ubeti wa tatu kwa ile besi yake nene kama mtu anayesukuma kabati, peke yake, dhidi ya kanisa zima. Vijana wa viti vyekundu walicheka. Mtu mmoja akaigeuza simu ya miguu mitatu imwelekee. Na Bi Mnong'ono, ambaye maisha yake yote aliogopa kutazamwa, alimfinya mumewe kwenye kiwiko. Alimfinya kwa nguvu.

Fundi alifumbua macho. Akatazama midomo ya watu. Akanyamaza.

Walipoketi, mkewe alikishika kitabu cha nyimbo kwa mikono yote miwili, mapajani. Alisikia vidole vikija juu ya benchi. Viligonga mbao mara moja, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha vikakoma.

"Ndiyo hiyo," aliwaza sasa. "Amekasirika. Nami ndiye niliyemfukuza."

Mlangoni alidakwa na Mama Pacha, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwanamke aliyelea mapacha bila msaidizi, na ambaye tangu hapo hajaona sababu ya kushusha sauti.

"Fundi wetu yuko wapi leo? Au naye amehamia kwenye simu?"

"Mgongo," alisema Bi Mnong'ono. Neno lilitoka kabla hajalikaribisha. "Mgongo unamsumbua kidogo."

"Pole yake! Maana hawa wengine nawaambia, haya, salini na simu. Siku mkifa tutaiona hiyo simu ikija kubeba jeneza."

*

Jumapili iliyofuata mgongo ulikuwa haujapona. Iliyofuata tena ukawa umezidi, kwa sababu uongo ukishaufungulia mlango haukai barazani, unaingia mpaka jikoni. Hawezi kuketi kwa muda mrefu, alisema. Halali vizuri, alisema. Na kila alipotoka kanisani alirudi nyumbani akiisikia ile nyundo tangu kwenye kona, moja zito, mawili mepesi, na mgonjwa mwenyewe akiimba chini chini, wimbo ule ule wa kanisani ambao alikataa kwenda kuuimba.

Jioni moja alijikaza. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, ananawa miguu. Mkewe alisimama mlangoni nyuma yake, akashika fremu kwa mikono miwili.

"Mume wangu," alisema, "ni kwa sababu ya ule ubeti? Ni kwa sababu nilikufinya?"

Fundi alimwaga maji ya mguu wa kulia. Akamimina mengine. Akausugua mguu wa kushoto, kati ya vidole, kwa utulivu, kama vile nyuma yake pamesimama hewa.

Bi Mnong'ono alirudi ndani. Aliona amejibiwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua, na hilo hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa akiketi kwenye benchi la dirishani na kujaribu kusikiliza mahubiri, na akagundua kwamba hajui. Hajui namna ya kuyasikiliza. Mchungaji alisema, na maneno yakapita juu yake kama ndege wasiokuwa na habari na mti wake. Alijaribu kukumbuka mahubiri ya miaka yote ile, hata moja, na kilichokuja ni ile hesabu ya vidole juu ya mkono. Basi alikuwa akifuata nini kanisani? Kama ni vidole, Mungu alikuwa wapi wakati wote huo? Na kama vidole havipo tena, kuna haja gani ya kufunga kilemba, kuvaa viatu vinavyobana, kuvuka barabara yenye vumbi na kwenda kutazama mtu anavyoitabasamia simu? Mwanawe alilala kitandani na hakuonekana kuwa mbali na Mungu kuliko yeye. Pengine walikuwa karibu zaidi, hao wawili, maana binti alikumbuka mahubiri. Aliweza kuyarudisha nyuma pale asipoyaelewa.

Kwa hiyo Jumapili moja alibaki nyumbani. Binti alifurahi. Aliisimamisha simu uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapanga vigoda vitatu, akaenda kumvuta baba yake kwa mkono.

Fundi aliketi. Aliitazama simu, akainama, akainama zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kioo. Binti alicheka, "Baba, unataka kuingia humo?" Fundi aliongeza sauti mpaka mwisho, na mchungaji akaanza kukwaruza kama redio iliyolowa. Alikaa hivyo kwa muda, uso wake kama wa mtu anayechungulia dirisha la duka lililofungwa. Kisha aliinuka, akaenda kwenye mabati yake.

Bi Mnong'ono alikuwa ameuweka mkono wake ukingoni mwa kigoda, karibu na cha mumewe. Aliuchukua.

Katikati ya sala ya toba likaingia tangazo la sabuni ya unga. "Hiyo inakuhusu, mama dobi," binti alisema, akacheka peke yake.

*

Jumapili iliyofuata Bi Mnong'ono alikuwa amerudi kanisani, na Mama Pacha alisimama wakati wa matangazo.

"Wapendwa, wengi wetu tumekuwa watu wa kuulizana hali kwenye simu. Tunatumiana vidole gumba! Ndugu yetu fundi bati, aliyetutengenezea mabomba ya kukingia maji ya mvua ya kanisa hili, yuko taabani kitandani kwa mgongo, na mke wake anakuja hapa peke yake, kimya, hasemi. Nani kati yetu amekwenda kumwona? Leo tukitoka hapa, akina mama, tunakwenda."

Mchungaji aliombea mgongo. Kanisa zima, mapengo na yote, lilifumba macho. Bi Mnong'ono alihisi jasho likimshuka katikati ya mabega yake mwenyewe.

"Msije leo," alisema walipotoka. "Amelala." Alisema tena. Sauti yake iliingia kwenye mlio wa viti vya plastiki vilivyokuwa vinapandanishwa ikapotea humo. Alitaka kutangulia, lakini Mama Pacha alikuwa amemshika mkono kwa upendo, na mkono ulioshikwa na Mama Pacha haurudi kwa mwenyewe mpaka aridhike. Wanawake wengine walifuata nyuma, mmoja amebeba mfuko wa machungwa.

Kwenye kona, nyundo ilikuwa inawangoja.

"Mna majirani wa ajabu," alisema Mama Pacha. "Mtu anagonga bati Jumapili, na mgonjwa yumo ndani!"

Kila hatua Bi Mnong'ono aliomba nyundo inyamaze, na nyundo ikazidi kuwa karibu, mpaka wakaingia uani wote, na pale katikati, juani, mgongo mgonjwa ulikuwa umeinama juu ya reli, fulana imelowa jasho, misuli ikipanda na kushuka.

Binti alikuwa anaosha vyombo mlangoni. Kijiko kilimtoka mkononi.

"Bwana asifiwe!" alisema Mama Pacha.

Ngo. Ngo-ngo.

"Fundi! Nimesema Bwana asifiwe!"

Ngo.

Wanawake walitazamana. Mmoja alianza kurudi nyuma. Lakini Mama Pacha hakuwa mtu wa kurudishwa na mgongo wa mwanamume. Alijaza kifua, akauanzisha wimbo, ule wanaouimba kwenye vitanda vya wagonjwa, na wenzake wakaupokea, kwa haya kwanza, kisha kwa sauti zote, palepale nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Ubeti mzima. Mbwa wa nyumba ya pili alianza kubweka. Kuku wakahama. Fundi alikuwa anagonga.

"Huyu mtu ana dharau!" alisema aliyebeba machungwa.

Bi Mnong'ono alikuwa anaitazama shingo ya mumewe.

Mtu anayekudharau hukudharau kwa shingo. Shingo hukaza, masikio husogea nyuma kidogo, mabega hujua kwamba upo. Yeye alikuwa akiitazama shingo ile miaka yote, aliijua kama anavyozijua kola za mashati yake. Na shingo hii ilikuwa imelegea. Ilikuwa shingo ya mtu aliye peke yake duniani, Jumapili asubuhi, na kazi yake. Nzi alitua juu yake, na Fundi, bila kusimamisha nyundo, aliinua bega akamfukuza. Nzi alimhisi. Kwaya hakuihisi.

Bi Mnong'ono aliuona ule mguu ukisuguliwa kwa utulivu kwenye ngazi ya nyuma. Akaiona pua inayogusa simu. Akaliona swali lake mwenyewe, "Unaumwa?", likisimama uani Jumapili ile ya kwanza, halijaingia popote.

Mama Pacha alipiga hatua mbele, na kivuli chake kikaangukia bati.

Fundi aliruka. Nyundo ilianguka juu ya reli ikadunda. Aligeuka, akawaona wanawake wote wale wamevaa vizuri na midomo imebaki wazi katikati ya wimbo, na macho yake yakaanza kukimbia kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha mtu ambaye hajaelewa.

"Karibuni! Karibuni, akina mama!"

"Karibu ya nini? Tumekuja kukuombea mgongo!" alisema Mama Pacha.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akitabasamu, akampangusia sanduku moja kwa kiganja ili alione vizuri. "Yatakuwa tayari Jumatano," alisema kwa sauti ya juu. "Bila wasiwasi."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alimtazama Fundi, akamtazama Bi Mnong'ono, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akashusha sauti.

"Kanisa zima tumefumba macho kwa ajili ya mgongo huu," alisema hatimaye, polepole. "Shoga yangu, ungeniambia tu."

"Na machungwa?" aliuliza mwenzake. "Tunarudi nayo?"

"Weka hapo. Hata waongo wanakula matunda. Twendeni."

Walitoka mmoja mmoja. Mama Pacha aligeuka langoni, akamtazama Fundi tena, kwa namna nyingine, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameacha nini.

*

Binti alikuwa wa kwanza kusogea. Alipita nyuma ya baba yake akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. Fundi hakugeuka. Binti aliziba mdomo.

Bi Mnong'ono alizunguka akaja kusimama mbele ya mumewe, akachuchumaa ili nyuso zao ziwe sawa. Aligusa sikio lake mwenyewe, kisha akatandaza mikono.

Fundi alitazama pembeni. Aliiokota nyundo, akaifuta kwa gunia ingawa haikuwa na kitu.

"Masikio yaliondoka kidogo kidogo," alisema. Safari hii hakupiga kelele, na sauti yake ya kawaida ilikuwa changa kuliko mkewe alivyoikumbuka. "La kulia kwanza. Nikasema ni vumbi. Sasa nasikia mvua ikiwa kubwa. Nyundo naisikia mkononi tu, ndiyo maana naipenda." Akaigeuza nyundo kiganjani. "Siku ya ule ubeti nilikuwa naimba na watu wote. Kichwani mwangu walikuwepo wote. Nilipofumbua macho nikaona watoto wanacheka. Nikaja kutafuta mkono wako. Ukawa umeuondoa."

"Sikujua," alisema mkewe. "Niliona aibu ya watu. Mimi—"

Fundi aliitazama midomo yake ikisogea. Alitikisa kichwa.

"Unaona?" alisema. "Hata wewe. Wewe ndiwe wa kwanza niliyekukosa, mke wangu, maana wewe ulikuwa huna sauti tangu mwanzo. Sasa niende kanisani nikafanye nini? Nitazame midomo? Na midomo yenyewe imeitazama simu. Mtu asiyesikia ana kazi gani pale?"

Bi Mnong'ono alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamejipanga, yote, foleni ya miaka. Aliyaanza, na akaona kwenye macho ya mumewe kwamba hayafiki, yanaanguka katikati, juu ya yale mabati.

"Mama." Binti alikuwa ameinama kando yake, macho yamemjaa maji, anamnyooshea simu. "Mwandikie. Nimekuwekea herufi kubwa. Andika tu, atasoma."

Bi Mnong'ono aliipokea simu. Aliutazama ule mwanga mweupe, na kale kamstari kanakowaka na kuzima, kanangoja. Alimrudishia.

Alisimama. Alishika kiuno kama alivyowahi kuwaona wanawake wengine wakifanya. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na kwa muda ilionekana kama atalia au atakimbilia ndani.

"MIMI SIENDI KUSIKIA!" alisema.

Sauti ilitoka imepasuka, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka. Mbwa wa nyumba ya pili alinyamaza. Kule kwenye kona, wanawake waliosimama bado wakijadili machungwa waligeuza vichwa.

"MAHUBIRI SIYAKUMBUKI HATA MOJA! MUNGU ANISAMEHE! NAENDA KUKAA NA WEWE! HAPA UNA NYUNDO, MIMI NINA PASI! KULE NDIKO UNAKONISHIKA MKONO!"

Redio ya jirani ilipunguzwa. Muuza mkaa, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake, alisimama kabisa, akavua kofia.

Fundi alikuwa ameinua uso. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, midomo, koo, kifua kinachopanda na kushuka, kana kwamba anampima kwa macho kabla ya kukata bati.

"Sema tena," alisema.

Bi Mnong'ono alivuta pumzi.